Jinsi ubongo unavyoziondoa protini za ugonjwa wa Alzheimer, na kwa nini kazi hiyo hudorora uzeeni

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 72 na anaishi nasi hapa Morogoro. Tangu mwaka jana amekuwa akiuliza swali lile lile mara nne au tano ndani ya saa moja, na wiki iliyopita aliutia chumvi mchuzi mmoja mara tatu. Ana presha tangu alipokuwa na miaka hamsini na kitu, na usiku hukoroma sana. Hospitalini walituambia kwamba huenda huu ni mwanzo wa ugonjwa wa Alzheimer, na kwamba kuna protini chafu zinazojikusanya ubongoni. Sasa jirani ametuletea chupa ya dawa ya kunywa ya shilingi 85,000, akisema inasafisha ubongo. Naomba kuuliza: mwili wenyewe hauna njia ya kuziondoa protini hizo? Kama unayo, imeshindwaje kwa mama? Na sisi tunaweza kuisaidia?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Swali lako la kwanza lina jibu la wazi: mwili unazo njia za kuziondoa protini hizo, tena si moja bali kadhaa, na zimekuwa zikifanya kazi usiku na mchana katika ubongo wa mama yako tangu alipokuwa mtoto. Swali la pili ndilo gumu, na nitalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu ukishalielewa utaweza wewe mwenyewe kuipima chupa ya jirani bila kumvunjia heshima aliyeileta kwa nia njema.

Nianze na protini zenyewe. Mwezi Novemba mwaka 1906, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake mjini Tübingen mambo aliyoyaona katika ubongo wa Auguste Deter, mwanamke aliyekutana naye hospitalini Frankfurt mwaka 1901, akiwa na miaka 51 tu na tayari akishindwa kulimaliza jina lake mwenyewe alipoambiwa aliandike. Nje ya seli za neva Alzheimer aliona vibonge, na ndani ya seli aliona nyuzi zilizosokotana. Nakumbuka siku ya kwanza nilipoviona vibonge hivyo kwa macho yangu, nikiwa bado mwanafunzi: kipande cha ubongo chembamba kuliko karatasi, kilichotiwa rangi kwa madini ya fedha, na juu ya weupe uliogeuka rangi ya asali yalikuwa yametapakaa madoa meusi yenye kingo zilizochakaa, kama matone ya wino yaliyodondokea karatasi ya kaki. Mwalimu alituambia tuyahesabu. Tulipofika hamsini katika eneo lisilozidi ukucha wa kidole kidogo, tuliacha.

Vibonge hivyo vimeumbwa hasa na protini iitwayo amiloidi beta, na zile nyuzi ni za protini iitwayo tau. Hapa naomba tusahihishe neno moja, kwani protini hizi kwa asili yake si uchafu. Amiloidi beta ni kipande kinachokatwa kutoka katika protini kubwa zaidi iliyojichomeka kwenye utando wa seli ya neva. Vimeng'enya viwili huikata kwa zamu, kimoja huku na kingine kule, mpaka kinapatikana kipande chenye asidi amino (punje zinazounda protini) 40 au 42, na kila ubongo wenye uhai hukitengeneza, wa mtoto na wa mzee. Kile chenye 42 ndicho chenye tabia ya kunata: viwili vitatu vikikutana hushikamana, kisha makumi, kisha maelfu, na vile vikundi vidogo vinavyoelea kabla ya kuwa vibonge vinashukiwa kuwa ndivyo vinavyodhuru zaidi maungio ya seli za neva. Kuhusu tau, ifikirie nyumba ya fito na udongo. Ndani ya mkono mrefu wa seli ya neva mmepangwa mirija myembamba kama fito, ambayo juu yake seli husafirisha shehena zake, na tau ndiyo kamba inayozishika fito hizo zisilegee. Katika ugonjwa huu tau hubebeshwa fosfeti kupita kiasi, huziachia fito, kisha tau zenyewe kwa zenyewe husokotana.

Kwa hiyo jambo la kuuliza si kwa nini protini hizi zipo, bali kwa nini zimebaki. Kwa miaka mingi watafiti walidhani kwamba ubongo wa mgonjwa huzitengeneza kwa wingi mno, na kwa familia chache ni kweli: zipo jeni zenye kasoro zinazozidisha utengenezaji, na wenye familia hizo huugua wakiwa na miaka arobaini au hamsini. Hali inayofanana na hiyo huwapata watu waliozaliwa na nakala tatu za kromosomu ya 21, yaani wenye hali iitwayo Down, kwa kuwa jeni la ile protini kubwa limo humo. Lakini walio wengi, wale wanaoanza kuugua baada ya miaka 65 kama mama yako, hawamo katika kundi hilo.

Ushahidi ulioligeuza suala hili ulitoka Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, katika maabara ya daktari Randall Bateman. Yeye na wenzake waliwawekea watu waliojitolea dripu yenye asidi amino iliyotiwa alama isiyodhuru, kisha kwa saa kadhaa mfululizo wakachota kidogo kidogo maji ya uti wa mgongo na kuangalia ni lini amiloidi yenye alama inatokea na ni lini inatoweka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba wagonjwa wa Alzheimer wa uzeeni na wazee wenzao wasiougua walikuwa wakitengeneza amiloidi kwa kasi ile ile. Tofauti ilikuwa katika kuiondoa: kwa wagonjwa kasi hiyo ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30. Miaka mitano baadaye kundi hilo hilo likaonyesha kwamba muda unaohitajika ili nusu ya amiloidi iondoke ni kama saa 3.8 kwa mtu wa miaka 30, na kama saa 9.4 kwa mtu wa miaka 80.

Wewe unaijua mitaro ya mjini wakati wa masika. Mtaa unaweza kufurika ingawa mvua ya mwaka huu haikuzidi ya mwaka jana, kwa sababu mchanga umeingia mtaroni kidogo kidogo kwa miaka kumi na hakuna aliyeuona ukiingia. Ndivyo ilivyo kwa ubongo, na ndiyo maana amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kurudia swali lake la kwanza. Mama yako alipotia chumvi mara ya tatu, jambo hilo lilikuwa limekwisha kuanza zamani sana, pengine wewe ukiwa bado shuleni. Ninakuambia hivi ili usijilaumu kwamba ulichelewa kuona.

Sasa tuziangalie njia zenyewe. Ya kwanza ni ya kukatakata. Nje ya seli za neva vipo vimeng'enya vinavyoishika amiloidi kabla haijanata na kuikata vipande visivyo na madhara. Kinachojulikana zaidi huitwa neprilisini. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2001 kwamba panya aliyeondolewa jeni la neprilisini hulimbikiza amiloidi ubongoni, na kwa binadamu kimeng'enya hiki hupungua kadiri umri unavyosonga. Kingine ni kile kinachovunja insulini, na hiki nakipa uzito kwa sababu ya kisukari kinavyoenea kwetu: kimeng'enya hicho hicho kimoja huivunja insulini na pia huivunja amiloidi, na insulini ikiwa nyingi muda wote hukishughulisha, amiloidi ikabaki. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini wenye kisukari cha ukubwani huugua demensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili kama huu wa Alzheimer, kuliko wengine, ingawa kuharibika kwa mishipa midogo ya damu nako kuna sehemu yake kubwa.

Njia ya pili ni ya kumeza. Mwaka 1919 Mhispania Pío del Río Hortega alizitambua seli ndogo za ubongo zenye matawi, ambazo leo huitwa mikroglia, na hizo ndizo askari na wafagizi wa ubongo. Zikiwa zimetulia hunyoosha na kukunja vijitawi vyake bila kukoma, zikipapasa kila kilicho jirani. Zikikuta amiloidi huiviringishia utando, huivuta ndani, na kuisaga katika vifuko vyenye tindikali. Kibonge kikishakuwa kikubwa kisichomezeka hukizunguka pande zote na kukibana, ili kisiendelee kumwaga sumu kwa majirani. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba watu waliorithi kasoro fulani katika jeni liitwalo TREM2, ambalo huziwezesha mikroglia kuhisi na kuzingira vibonge, wana hatari ya kuugua iliyo kubwa mara kadhaa kuliko wengine, na ugunduzi huo ulizima dhana kwamba mikroglia ni watazamaji tu. Hata hivyo, seli hizi zikikasirika kwa miaka mingi hubadilika tabia: humeza kidogo, humwaga kemikali za uvimbe kwa wingi, na huanza kunyofoa hata maungio mazima ya seli za neva. Msaada wa ujanani unaweza kugeuka madhara uzeeni, na hapo ndipo dawa nyingi za kutuliza uvimbe zilizojaribiwa zilipokwama.

Ya tatu ni kuivusha amiloidi kuingia kwenye damu. Kuta za mishipa midogo ya ubongo zimebanana sana kuliko za mahali pengine mwilini, na kizuizi hicho kati ya damu na ubongo huzuia vitu vingi kuingia au kutoka. Kwenye kuta zake, hata hivyo, ipo milango maalumu. Protini iitwayo LRP1 huishika amiloidi upande wa ubongo na kuivusha kuelekea kwenye damu, kisha ini huivunja na figo huchuja kiasi chake. Upande wa pili upo mlango mwingine, RAGE, unaoirudisha ndani. Ujanani mlango wa kutoka ndio wenye nguvu, lakini kadiri miaka inavyosonga ule wa kutoka hupungua na ule wa kuingia huongezeka.

Hapa ndipo linapoingia jeni linalotajwa kuliko yote, APOE, lililohusishwa na ugonjwa huu mwaka 1993. Protini yake hubeba mafuta ubongoni na hukutana na amiloidi njiani, na aina yake ya nne hupunguza kasi ya kuondolewa kwa amiloidi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, aliyerithi nakala moja ya aina hiyo ana hatari kama mara tatu, na mwenye nakala mbili hufikia mara kumi au zaidi. Tahadhari: takwimu hizo si zetu. Aina hii ya jeni ni ya kawaida sana Afrika, lakini utafiti uliowalinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulionyesha kwamba ugonjwa mpya ulijitokeza Ibadan kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya Indianapolis, na jeni hilo halikuonyesha Ibadan nguvu lililo nayo kwingineko. Kwa hiyo ukishauriwa kulipia kipimo cha jeni hili kwa mama, mimi nisingekitaka; hakitabadilisha matibabu yake na kinaweza kuwatia nyinyi watoto hofu isiyo na kipimo.

Lakini isidhaniwe kwamba ugonjwa huu si wa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulichunguza ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila demensia na kukuta amana za amiloidi kwa kiwango kisichotofautiana sana na cha watu wa Cleveland, Marekani. Na katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa, demensia ilionekana kwa asilimia 6.4 baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Ni wazee wengi wanaoambiwa nyumbani kwamba ni uzee tu, au jambo baya zaidi, kwamba wamerogwa.

Njia ya nne ndiyo inayosemwa sana siku hizi, ile ya ubongo kuoshwa usingizini. Mwaka 2012 Jeffrey Iliff na Maiken Nedergaard, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba kwa panya maji safi yanayouzunguka ubongo huingia ndani yake kwa kufuata nafasi nyembamba iliyoizunguka ateri, kama maji yanayopita kati ya bomba na ala yake. Kila pigo la moyo huitanua ateri kidogo na kuyasukuma maji hayo mbele. Yakifika ndani hupita kwenye vijitundu vya maji vilivyopangwa katika miguu ya seli ziitwazo astrosaiti, huzipitia seli za neva yakichukua mabaki, kisha hutokea upande wa vena. Mfumo huo uliitwa glimfatiki. Mwaka 2013 kundi hilo likaripoti kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli za ubongo wake hupanuka kwa takriban asilimia 60, na amiloidi iliyodungwa humo huondoka haraka zaidi kuliko akiwa macho. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Jonathan Kipnis wa Virginia na jingine la Helsinki, yalionyesha kwamba kwenye tando za nje za ubongo ipo mishipa ya limfu inayoyapokea maji hayo na kuyapeleka kwenye tezi za shingoni. Vitabu tulivyosomea sisi vilisema ubongo hauna mishipa ya limfu. Nilivisoma, nikavijibu kwenye mtihani, na nikapata alama.

Sitaki kukuuzia hadithi hii kwa bei ya juu kuliko thamani yake. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walipima mwendo wa rangi ndani ya ubongo wa panya kwa njia tofauti, wakaripoti kwamba uondoaji ulipungua usingizini badala ya kuongezeka, na mabishano kati ya makundi haya bado ni makali. Kwa binadamu, hata hivyo, madaktari wa Oslo waliowadunga watu dawa inayoonekana kwenye picha katika maji ya uti wa mgongo waliona kwamba waliokeshwa usiku mmoja walibaki na dawa hiyo ubongoni zaidi kuliko waliolala, na hata walipolala usiku uliofuata hawakufidia. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwakesha watu 20 wenye afya usiku mmoja, na picha zao zikaonyesha ongezeko la amiloidi la kama asilimia 5 katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Tena usingizi una faida nyingine isiyobishaniwa sana: seli za neva hutoa amiloidi kadiri zinavyochangamka, na katika usingizi mzito hutulia. Kwa hiyo hata kama wabishi watashinda kuhusu kuoshwa, bado anayelala vizuri hutengeneza kidogo.

Tau ina njia zake, kwa kuwa makao yake ni ndani ya seli. Ndani humo kuna mashine ndogo yenye umbo la pipa inayosaga protini zilizotiwa alama ya kutupwa, na kuna utaratibu mwingine ambao seli hukifunika kitu kizima kwa utando na kukipeleka kwenye kifuko cha tindikali. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuufafanua utaratibu huo. Nyuzi za tau zikishakuwa ngumu haziingii kwenye pipa, na vifuko hujaa visiweze kumaliza kazi. Kisha tau huvuka kutoka seli hadi seli, ikianzia kwenye eneo dogo la pembeni mwa ubongo lililo lango la kumbukumbu mpya. Ndiyo sababu mama yako anaweza kukusimulia sherehe za Uhuru alizoziona akiwa mtoto, pamoja na rangi ya gauni alilovaa, na bado asikumbuke kwamba chumvi ameshatia. Hafanyi kusudi, wala si mkaidi. Lile tendo la chumvi halikuandikwa kabisa.

Nirudi kwenye swali lako: imeshindwaje kwa mama? Kwa mtu mmoja hatuwezi kunyooshea kidole njia moja, na hilo ndilo nililotaka ulishike kuliko mengine yote. Njia hizi hudhoofika pamoja, na kila moja ikilegea huitwika mzigo iliyo jirani. Katika maelezo yako kuna mawili yanayonivuta macho. La kwanza ni presha ya miaka ishirini. Ateri iliyopigwa na shinikizo kubwa kwa muda mrefu hukakamaa, pigo lake hubadilika, na kwa panya imeonekana wazi kwamba shinikizo likipanda, ule mtiririko unaoizunguka ateri hupungua. Juu ya hayo, amiloidi isiyopata pa kutokea hujibandika kwenye kuta za mishipa yenyewe, mishipa ikazidi kukakamaa, na njia ikazidi kuziba. La pili ni kukoroma. Si kila anayekoroma ana ugonjwa, lakini kama pumzi yake hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha akashtuka kwa mkoromo mkubwa, basi usingizi mzito anaupata kwa vipande tu, na oksijeni hushuka mara nyingi kila usiku.

Sasa chupa. Dawa ambazo zimethibitishwa kuondoa amiloidi ubongoni mwa binadamu na kupunguza kasi ya ugonjwa zipo, na zilizoidhinishwa Marekani ni kingamwili zilizotengenezwa maabara: lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Huingizwa kwa dripu au sindano, na hakuna hata moja inayonywewa, kwa kuwa kingamwili ni protini, na tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Lecanemab ilipojaribiwa kwa miezi 18 ilisafisha sehemu kubwa ya vibonge, lakini hali ya wagonjwa iliendelea kushuka. Ilichofanya ni kupunguza kasi ya kushuka kwa asilimia 27. Na baadhi yao, kama mmoja kati ya wanane, walipata uvimbe wa ubongo ulioonekana kwenye picha, na wengine walivuja damu ubongoni, kwa sababu amiloidi inayong'olewa hupitia kwenye kuta za mishipa iliyokwisha kuchoka. Ndiyo maana dawa hizi hutolewa mwanzoni mwa ugonjwa tu, chini ya vipimo vya mara kwa mara vya picha za ubongo viitwavyo MRI. Ikiwa dawa yenye nguvu kiasi hicho, baada ya kuwaondoa adui wengi hivyo, haikuirudisha kumbukumbu, kimiminika kinachoahidi kuusafisha ubongo kwa kijiko asubuhi na jioni kinaahidi jambo ambalo hakuna aliyelionyesha. Fedha hiyo inatosha vipimo vya maana na nauli ya kwenda kuvifanya.

Vipimo gani? Kabla ya kulikubali jina la Alzheimer, hakikisheni mama amepimwa vitamini B12, homoni za tezi ya thairoidi, sukari, figo, kaswende na VVU, na ameulizwa kwa utulivu kuhusu huzuni, kwani sonona ya uzeeni huiba kumbukumbu na inatibika. Apimwe na masikio. Asiyesikia vizuri huuliza tena na tena, na upungufu wa kusikia ni mmoja wa visababishi 14 ambavyo jopo la jarida la Lancet lilivitaja mwaka 2024, likikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama visababishi hivyo vingeshughulikiwa.

Kuhusu presha, utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wale ambao namba ya juu ya presha yao ilishushwa chini ya 120 badala ya chini ya 140 walipata upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa asilimia 19 pungufu. Sisemi mama ashushwe mpaka hapo. Mzee anayepata kizunguzungu anaposimama anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, kwa hiyo kiwango chake aamue daktari anayemwona. Ninachosema ni kwamba asikae wiki mbili bila dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Sasa kwa kuwa anasahau, vidonge vyake awe anapewa mkononi na mtu, si kuachiwa kopo.

Kuhusu usingizi, mtoeni nje asubuhi apate jua na atembee, asilale mchana zaidi ya nusu saa, na usimpe dawa za mzio zinazolewesha, kama klorofeniramini ambazo wengi huziita piritoni, ili alale. Dawa hizo huzuia kemikali ile ile ya kumbukumbu ambayo ugonjwa huu unaipunguza, na mzee anaweza kuamka asijue yuko chumba gani. Ipo dawa ya donepezili ambayo daktari anaweza kumwandikia. Kazi yake ni kuiongeza kemikali hiyo. Haiondoi protini, lakini kwa baadhi ya wagonjwa huleta nafuu kidogo katika mambo ya kila siku, na kwangu nafuu ya kumwezesha mama kuoga mwenyewe kwa miezi kadhaa zaidi si ndogo.

Kabla ya kurudi kliniki, lala naye chumba kimoja usiku mitatu, ukiwa na daftari na saa. Andika amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, na kila pumzi inapokatika hesabu ni sekunde ngapi zimepita kabla hajashtuka. Ukiweza, rekodi sauti kwa simu. Chukua vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, pamoja na vile vya zamani vilivyobaki. Chupa ya jirani nayo iende ikiwa haijafunguliwa, ili mfamasia asome kilichoandikwa na kuangalia kama imesajiliwa, maana baadhi ya dawa za aina hiyo huwa na vitu vinavyopandisha presha.